Bahasha Iliyokwenda Musienene

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Saa nne asubuhi nimemaliza sura ya arobaini na tatu. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu na barua yake ya kuomba kazi. Nilimwambia angoje kidogo, maana Mathe alikuwa ananing'inia kwenye mwamba wa Rwenzori na gitaa mgongoni. Mteja akaenda secrétariat ya jirani. Aende.

Niandike wazi, ili atakayefungua daftari hili nikishafariki aelewe. Mimi ni Onésime, mwenye secrétariat public hapa Butembo. Barua, photocopie, karatasi za mirathi. Hiyo ni kazi ya tumbo. Kazi ya roho ni hadithi ninayoandika juu ya Mathe, mwimbaji wa Beni. Kila sura naituma katika groupe ya WhatsApp ya wapenzi wake. Wasomaji sitini! Tena kwa Kiswahili safi cha vitabu, si kile cha parking ya pikipiki, cha mais na donc badala ya lakini na basi.

Tatizo moja tu. Mathe mwenyewe hajui. Miaka mitatu namtungia maisha, na mtu hana habari! Jumapili ya tarehe 22 anakuja kuimba hapa Butembo. Kabla ya siku hiyo atakuwa ameisoma, na ataniita kwa jina mbele ya watu. Nimeamua.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Nimeuliza groupe, kwa heshima kabisa: tumwambie Mathe? Loo! Makelele mpaka simu imepata joto.

Hadjara ametuma sauti ya dakika nne. Ndiye msimamizi wa groupe, anauza vitenge Beni. Mama mwenye adabu, mais akishika neno haliachii. Alisema hadithi yetu ni maneno ya jikoni: batu banacheka, banaongeza chumvi, lakini hapana kumwita mwenye kusemwa aje kuonja. Eti Mathe akijua, ama atakasirika ama atajivuna, na mimi nitaanza kuandika huku namwangalia usoni. Atakayemwambia anatoka kwenye groupe siku ile ile.

Wakapiga kura. Hamsini na nane wamekataa. Wawili hawakuwa na mégas za kuingia mtandaoni. Aliyekubali ni mmoja, na ni mimi.

Nyumbani Rébecca, mke wangu, akauliza: je, Papa Jemima, mutu akiandika hadithi juu yako, umeanguka ndani ya choo, utafurahi akuletee? Nikamjibu inategemea ameandika kwa mtindo gani. Akarudi kutwanga sombe lake la majani ya muhogo.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Safari ya Beni. Mlangoni mwa bureau nimebandika karatasi: NIMEFIWA. Wateja wawili wamenipigia kunipa pole. Nimepokea.

Nilibeba hadithi yote, kurasa mia mbili na kumi, zimefungwa kwa reliure ya bluu. Kitu cha waziri! Vumbi la njiani nimelimeza lote peke yangu. Nyumba ya Mathe siijui, mais Beni si Kinshasa. Nilimwambia motard, dereva wa pikipiki, anipeleke kwa Mathe mwimbaji. Akasema hakuna shida, akakata kona tatu, akanishusha mbele ya duka la vitenge. La Hadjara!

Kumbe amepanga na motards wote wa parking: mgeni akiuliza nyumba ya Mathe, apitie kwake kwanza. Alinipokea vizuri mno. Chai ya tangawizi, sambusa, karibu Papa Onésime, watoto wazima? Akauliza begi limebeba nini. Nikasema karatasi za mirathi. Akauliza nani amekufa. Nikasema bado tunachunguza.

Hakufungua begi. Alilinyanyua tu kidogo, akalipima uzito, akalirudisha taratibu. Kisha akanitafutia nafasi ndani ya taxi ya kurudi Butembo, akasimama pale mpaka gari likaondoka. Alinipungia mkono. Nimeshindwa kwa sambusa! Mais sijakwisha.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Mungu ni mwema! Leo ameingia mama mmoja muuza viazi kutoka Musienene kufanya photocopie ya carte, kitambulisho chake. Katika mazungumzo, kumbe ni jirani wa mama yake Mathe. Ukuta kwa ukuta! Mathe kwao ni Musienene, Beni alienda kutafuta maisha. Donc nimetia kitabu ndani ya bahasha kubwa, yeye ataiacha pale nyumbani, mama atampa mtoto wake. Hadjara hana motards Musienene.

Juu ya bahasha nimeandika kwa herufi kubwa: KWA BWANA NZANZU MATHE, MKONONI MWAKE.

Hapa nieleze. Kwa kweli yeye si Nzanzu, ni Kambale. Kwetu Wanande jina linafuata zamu ya kuzaliwa. Mtoto wa kwanza wa kiume anaweza kuitwa Nzanzu, wa pili ni Kambale, hakuna kubishana. Sasa, shujaa awe mtoto wa pili? Yule anayevaa suruali iliyochoka kwa mwenzake, anayeonyeshwa shamba la baba kwa mbali tu? Haiwezekani! Ndiyo maana katika hadithi yangu nimempandisha cheo, nikamwita Nzanzu. Mkubwa wake wa kweli nilimwondoa sura ya kwanza, kwa surua, akiwa na miaka miwili. Sentensi moja. Nilimzika vizuri. Mathe akiona jina hilo juu ya bahasha, atajua palepale heshima niliyompa.

Rébecca aliuliza: na yule Nzanzu mwenyewe, yule muzima anayelima pale Musienene? Nikamwambia mkulima wa viazi hana wakati wa kufungua bahasha.

Mimi pia ni Kambale. Haihusiani.

Jumanne, tarehe 17 Juni

Mungu wangu.

Hadjara ameandika kwenye groupe saa sita: concert ya Jumapili imesimama. Mathe ameitwa kwao haraka kwa mambo mazito ya familia. Kuna kitabu kimefika Musienene, na mukubwa wake amekataa kumusalimia. Watu wa Mutwanga walikuwa wameshapata pickup ya kuja. Dada mmoja ameshona nguo. Wote wanalia.

Chini yake Hadjara ameongeza neno moja: Nani?

Nikaandika: Ajabu! Nikaweka visura vitatu vyenye machozi. Hadjara ameona.

Jumatano, tarehe 18 Juni

Ameingia bureau mtu mrefu, buti zina udongo, kofia mkononi. Amesalimia vizuri, amekaa kiti cha wateja, ameweka mezani kitabu cha bluu. Akasema yeye ni Nzanzu Mathe wa Musienene, na kama ninavyoona, hajafa.

Amenipataje? Cachet, muhuri wangu! Kila karatasi inayotoka kwenye mashine yangu naipiga cachet ya bureau. Mazoea! Kurasa zote mia mbili na kumi zina jina langu la kazi, avenue na numéro ya simu.

Mais hakudhani mimi ndiye mtunzi. Alidhani nimechapa tu. Alitaka kujua kama aliyeleta kazi hii ni mdogo wake. Maana kwenye sura ya kumi na mbili shujaa anakata mikaratusi ya baba na kuuza shamba ili ajenge studio. Na Pasaka iliyopita Kambale, yaani Mathe wetu, aliomba neno hilohilo, wakamkatalia! Mimi nilijuaje? Nilitunga tu! Sasa Nzanzu anasema mdogo wake anamzika kwanza kwenye karatasi, halafu atachukua shamba kwenye karatasi, tena na cachet. Alisema yule mtoto yeye ndiye aliyembeba mgongoni kwenda shule, mvua na jua. Mama yao hali chakula tangu Jumapili.

Halafu akaniomba nimchapie barua: kuanzia Ijumaa, Kambale hana tena sehemu kwao Musienene, wala ndani ya nyumba, wala ndani ya shamba. Ijumaa familia itakaa, itasomwa.

Nikaichapa! Nikamrekebishia hata sarufi. Barua nzuri. Nikaipiga cachet.

Ameondoka, na mimi nimekaa naangalia mashine. Naona aibu, naandika wazi. Nikinyamaza, wasomaji wangu sitini wanabaki, na Mathe anampoteza mkubwa wake. Nikisema, Mathe anampata, mimi nabaki na photocopie. Rébecca amenipigia pasi shati jeupe, akalitundika mlangoni. Basi. Nitakwenda.

Ijumaa, tarehe 20 Juni

Musienene. Baridi inauma masikio. Wamekaa sebuleni kwa mama, wajomba mbele, barua yangu mezani. Na Mathe! Mwembamba kuliko kwenye affiche za concert, na puli ya sufu iliyotoboka kiwiko. Miaka mitatu nimeota siku hii. Katika ndoto nilikuwa nimevaa kravati shingoni.

Mjomba akaanza kusoma barua. Nikasimama. Nikasema kitabu ni changu, kila neno, Kambale hajui kitu, shamba nilitunga, kifo nilitunga, bahasha nilituma mimi.

Mama yao akaniuliza kama mimi njo nilimuua mutoto wake na surua. Nikasema ndiyo, mama, mais haraka sana, hakuteseka.

Hapo Mathe akasema. Laiti asingesema! Kumbe hadithi anaijua tangu sura ya tatu. Binamu yake yuko kwenye groupe, anamtumia kila sura. Alikuwa anasoma kwenye gari, anacheka peke yake. Ile ya mwamba aliipenda. Mtu hakumwambia, donc alikuwa msomaji kama wengine, hana lazima ya kupenda wala kuchukia. Sasa nimekuja kuiweka mezani mbele ya mama yake na wajomba, ni lazima achukie. Na amechukia. Akaomba kitu kimoja tu: nisimwambie tena kamwe.

Nilitaka ardhi inimeze. Aliipenda! Na mimi nimeiua kwa mkono wangu!

Nzanzu alikuwa ananiangalia muda wote. Akauliza jina langu la nyumbani. Nikasema Kambale. Akasema kumbe. Akaniangalia tena, akasema sasa anaelewa. Hakueleza anaelewa nini. Akachukua barua, akaichana vipande vinne, akampa mdogo wake mkono. Mathe alilia. Mama akaita chakula.

Ndugu wawili walikula bugali na maharagwe kutoka sahani moja. Mimi nilipewa sahani yangu, karibu na mlango. Wakati naaga, Nzanzu akaniambia polepole: ukipata nafasi, unifufue.

Jumapili, tarehe 22 Juni

Concert imerudi. Batu ba Mutwanga bamefika na pickup, bamejaa mpaka juu ya cabine.

Hadjara alipita kwanza bureau yangu. Akanisalimia, akauliza hali ya Mama Jemima na watoto. Kisha akatoa simu, akanitoa kwenye groupe mbele ya macho yangu, ili nisiseme amenifanyia kisirisiri. Akasema sura ya arobaini na nne angeisoma kwa hamu. Akaniachia sambusa tatu ndani ya gazeti.

Ndani sikuingia. Nilisimama nje, nyuma ya ukuta wa salle ya concert, kwenye matope. Katikati ya wimbo wa pili Mathe alinyamazisha gitaa, akamshukuru mukubwa wake Nzanzu, aliyefufuka siku ya tatu. Watu wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mimi nilijua. Ndani ya watu wote wale, wa kuielewa ile furaha walikuwa wachache sana, na mmoja wao alikuwa nje na viatu vyenye matope. Nimelia kidogo. Sambusa nimekula zote.

Jumatatu, tarehe 23 Juni

Nimejifunza! Naandika kwa wino mwekundu: MATHE ASIAMBIWE TENA. Ahadi ni ahadi. Hata nikimkuta njiani nitaangalia ukuta.

Na kuanzia leo siandiki tena juu yake. Nimeanza hadithi mpya juu ya Nzanzu Mathe, mkulima wa Musienene, mtoto wa kwanza wa kweli. Jina sijabadilisha hata herufi. Nani atalalamika? Alinipa kazi mwenyewe, nimfufue, na namfufua kikamilifu. Kurasa kumi kabla ya saa sita! Wateja wamepanga mstari, wangoje.

Kulikuwa na shida ndogo. Shujaa lazima aimbe, la sivyo msomaji analala. Nimempa sauti. Mais ndugu wawili wakiimba ndani ya nyumba moja, watu watawachanganya. Donc yule mdogo, Kambale, nimemwondoa sura ya kwanza. Surua. Sentensi moja, ya heshima.

Rébecca akauliza sasa nani atasoma, kwa maana groupe sina. Nikamwambia Nzanzu mwenyewe, atasoma kwa sauti mbele ya mama yao. Muuza viazi anapita kesho asubuhi. Bahasha iko tayari, nimeipiga cachet, na safari hii jina ni sawasawa.