Mawaridi Saba ya Marehemu

Jumatatu, 4 Machi
Mawaridi saba ya marehemu mke wangu yana ukungu. Kathibitisha shemeji, mdogo wake marehemu, baada ya kugeuza jani moja moja: doa jeusi lenye kingo za kuchanika, jani linageuka njano, linaanguka. Kaagiza nikate majani yote yenye madoa, niyachome moto ukungu usibaki udongoni, nimwagilie shinani tu, asubuhi, majani yasilale na maji. Anarudi Jumamosi. Asipoona nafuu, anang'oa yatakayobaki na kuyahamishia kwake. Alimwahidi dada yake hospitalini. Mimi sikuahidi chochote. Nilikuwa nimesinzia kwenye kiti.

Jumanne, 5 Machi
Nimekata majani ndoo tatu. Sikuchoma. Moshi ungemwita jirani, na jirani humpigia shemeji simu hata nikipiga chafya. Nimeyafukia pale pale shinani. Mbolea ya bure.

Jumatano, 6 Machi
Jirani kachungulia juu ya ukuta. Kauliza, mzee mwenzangu, unayanyoa kwa msiba gani tena? Jioni nimeyaosha yote kwa mpira wa maji, jani kwa jani, madoa yatoke. Hayakutoka.

Alhamisi, 7 Machi
Madoa yamepanda hadi kwenye machipukizi. Muuza dawa za mimea kasema kifuniko kimoja kwa ndoo, na kwamba dawa hukinga jani zima, haiponyi lililougua. Nimetia vifuniko vitano, nikayanyunyizia yote. Jumamosi iko karibu.

Ijumaa, 8 Machi
Sita yameungua, kahawia mpaka ncha. Miaka kumi na tisa marehemu hakuniruhusu kushika mkasi wake. Nilidhani ananihurumia mgongo.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kafukua udongo kwa vidole, kayakuta majani yangu. Kasema, shemeji, dada angekuwepo angecheka, mimi siwezi. La saba kalifunga kwenye gunia, kaondoka nalo. Jirani kamshikia geti.

Jumapili, 10 Machi
Nyumba kimya. Ila kuna jambo hawalijui: nilikata tawi moja la lile la saba kabla shemeji hajafika. Lina madoa manne tu, nimeyageuzia ukutani. Nimelichomeka kwenye kopo, nimelifunika mfuko wa nailoni, na majani nayanyunyizia maji kila jioni lisione kiu. Nalipanda Jumamosi, tarehe 16, saa moja asubuhi. Udongo uko tayari, una mbolea yake.