Mbigili, Salfa na Posa ya Somoe

Wenzangu, uso wangu leo sijui niuweke wapi.

Leo ilikuwa posa ya mpwa wangu Somoe, binti wa dada yangu. Kwetu huku kusini mnajua, mjomba ndiye mwenye kauli. Nilishajipanga. Nitakohoa kidogo, nitasema "tumesikia, tutawaita", halafu niwaache wakae roho juu. Somoe anampenda yule kijana wa Mahurunga mpaka siku hizi kila nikipita ananiandalia chai na vitumbua, nisije nikaharibu. (Nimeharibu.)

Wageni walikuwa wakae kwenye mikeka juu ya ukoka wangu, hapa Chikongola. Ukoka ninaoutunza kuliko ninavyojitunza mwenyewe. Tatizo, ulikuwa umevamiwa na magugu. Nikaamka nayo asubuhi. Ndago nilizitambua haraka: zinajifanya ukoka, lakini ukilisokota bua kwenye vidole unasikia lina pembe tatu. Nikazichimbua na vijiazi vyake vya chini, maana ukikata juu tu umezikaribisha upya. Kifauongo nacho nilipokigusa kikajikunja, eti kimekufa. Nikaking'oa hivyo hivyo.

Zikabaki mbigili. Mimea nilishaing'oa, ila nilichelewa, ilikuwa imekomaa na miiba imemwagika kwenye nyasi. Nikajenga picha kichwani, wakwe watarajiwa wanakalia miiba. Hapana.

"Hamisi, chukua fagio, fagia taratibu," dada akaniambia.

"Dada, fagio la nini na mimi nina mashine?"

Mashine yenyewe ni ile ya kubeba mgongoni, ninayopulizia salfa kwenye mikorosho yangu, poda ya njano ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga usiue maua. Upepo wake unafika kileleni mwa mkorosho. Nilijua tenki ni tupu. (Sikulifungua kuangalia. Kujua kwangu ndiko huko.)

Ikawaka. Miiba ikaanza kuruka kuelekea ukutani, na mimi najisifu kimoyomoyo. Sasa mlio ule, hodi utaisikia wapi? Wageni wamebisha hodi mpaka wamechoka, wakajiingilia. Nikaguswa bega. Nikageuka kumtazama aliyenigusa, na bomba nikageuka nalo.

Salfa iliyokuwa imegandia chini ya tenki ikaamua kutoka wakati huo.

Vumbi lilipotulia, mbele yangu walisimama watu wawili wa njano. Mmoja mshenga, Mzee Bakari, na kanzu yake iliyotoka nyumbani ikiwa nyeupe. Mwingine shangazi wa kijana, njano mpaka kope. Akapiga chafya, kikatoka kiwingu.

Nikazima mashine. Nikamsikia Somoe dirishani anaanza kulia. Hapo moyo uliniuma kweli. Nikajua posa imekufa na muuaji ni mjomba mtu.

Mzee Bakari akajifuta macho taratibu, akamgeukia shangazi.

"Mwaka huu ubwiriunga hatuupati," akasema.

"Tungemleta na kijana naye apuliziwe," shangazi akajibu. "Azae vizuri."

Wakacheka mpaka wakaketi wenyewe bila kukaribishwa. Dada akaleta maji ya kunawa. Mimi nawapangusa mabega huku naomba radhi, na kila nikipangusa naisambaza zaidi. Mzee Bakari, masikio bado ya njano, akajiweka sawa kwenye mkeka.

"Haya mjomba, tumekuja kuomba mke. Tujibuni leo, au twende mtatuita?"

Nikakohoa kidogo. Nikafungua mdomo niringe kama nilivyopanga. Nikaitazama ile kanzu.

"Mmepata," nikasema.

Kigelegele kikatoka chumbani, na aliyekipiga ni Somoe mwenyewe. Bibi harusi gani huyo jamani, lakini nimefurahi mpaka machozi. (Nimesingizia salfa.)

Basi ndiyo hivyo, nimemtoa mpwa wangu kabla wageni hawajamaliza kunawa. Atakayecheka, pilau ya harusi ataisikia harufu akiwa nje ya geti.