Vita vya Anastazi na Doa la Rubisi

Sogeeni, enyi wakulima wa Bisibo, nanyi mnaopita mkielekea Ngara. Wekeni majembe chini, na mwenye redio aizime, niwasimulie habari za Anastazi mwana wa Domisiana, mchoma maganda, mshika mwiko, aliyepigana na doa siku tisa wala asigeuze kisogo. Wafalme wamekwisha kutajwa vya kutosha. Leo ni zamu ya mtu aliyefua.

Asili ya vita ilikuwa kanzu nyeupe ya Mzee Bulugu, jirani yake, ambayo Anastazi aliiazima aende nayo kumposea mpwa wake. Wahenga walikwisha kuonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini matako ya Anastazi yalisitirika vema, kilichomponza ni kifua. Posa ilipokubaliwa na kibuyu kikaanza kuzunguka, mtu mwenye furaha alimgonga kiwiko, na rubisi, pombe ya ndizi isiyojua heshima ya mtu, ikamwagika katikati ya kifua. Wako waiitao lubisi. Kwa r au kwa l, doa lilikuwa lile lile, la kahawia, pana kama sahani ya wali.

Na zilikuwa zimebaki siku tisa tu kabla Mzee Bulugu hajaketi mbele ya wakwe, ndani ya kanzu hiyo hiyo, kupokea mahari ya binti yake Suzan.

Anastazi alituma vitani miche miwili ya sabuni ya dukani. Yote miwili ikaisha kwa mapovu, na doa likabaki limeketi. Ndipo alipomgeukia mkewe, Leonsia, naye Leonsia akasimama mlangoni pa jiko akanena:

"Baba Paschal, nimekufulia tope, nimekufulia jasho, nimekufulia hata damu ya mbuzi, wala sikunung'unika. Lakini hii sikuinywa mimi. Aliyeinua kibuyu na ainue ndoo."

Shujaa akainama, akaenda kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari imenifikia kabla yako," akasema Bibi Domisiana, bila kuacha kumenya. "Ndizi ndiyo iliyokuchafua, basi iendee ndizi ikusafishe. Anika maganda, yachome mpaka majivu yawe meupe, yatie katika ndoo iliyotobolewa kitako, uyamiminie maji. Yatakayochuruzika ni makali, usiyapime kwa ulimi wala kwa kidole. Yapime kwa yai. Likizama, bado. Likielea na kutoa mgongo, yapike na mawese. Ndivyo tulivyofua sisi, kabla sabuni haijajifunza kuvaa karatasi."

Basi Anastazi akatoka nyumba hata nyumba akiomba maganda, na mbuzi wa Bisibo, ambao maganda hayo ni chakula chao tangu zama za babu zao, wakamtazama kwa macho ya kudhulumiwa. Akaanika, akachoma, akachuja. Siku ya tano ndoo ya kukingia ilipojaa maji ya rangi ya chai isiyo na maziwa, alinyoosha mkono katika kiota kilichokuwa karibu, akamnyang'anya kuku aliyeatamia yai moja, akalitia ndani kwa taadhima. Yai likaelea, likatoa mgongo, likaogelea kama bata. Anastazi akaona ushindi umekwisha kuandikwa.

Akamimina mawese yaliyopanda bodaboda kutoka Benaco, akakoroga tangu asubuhi mpaka alasiri, moshi machoni, mwiko mkononi. Mawese yakakaa juu, maji yakakaa chini, kama majirani walionuniana. Akazidisha kuni. Hayakusemezana.

Aliketi juu ya kinu, na ukweli ni kwamba aliona haya. Alimkumbuka Mzee Bulugu akiitoa kanzu ile sandukuni na kumkabidhi, bila kumuuliza ataitunzaje.

Leonsia, aliyeapa kutogusa ndoo, hakuwa ameapa kutouliza. "Yai ulitoa wapi?"

"Kwa yule kuku mwekundu."

"Yule aliyeatamia mwezi mzima hajaangua kitu?" Akaliokota lile yai, akaligonga kwenye jiwe, na wote wawili wakaruka nyuma wakiziba pua. "Baba Paschal, yai viza huelea hata kisimani. Umempa mwongo kazi ya ushahidi."

Akaleta yai la asubuhi ile. Likatiwa katika maji ya majivu yaliyosalia, likazama moja kwa moja.

Hapo ndipo uanaume ulipoonekana. Anastazi hakumwaga kitu. Alirudi kwa majirani, akawadhulumu mbuzi mara ya pili, akachoma tena, akayapitisha maji yale yale katika majivu mapya mara mbili, mara tatu, mpaka yai bichi la haki likapanda juu na kutoa mgongo upana wa sarafu ya mia. Safari hii mawese na maji yalipatana. Ikapatikana sabuni laini, ya rangi ya uji wa ulezi, nusu sufuria.

Siku ya nane akashuka mtoni. Alfajiri doa lilikuwa kahawia; saa sita lilikuwa chai ya maziwa; saa nane halikuwapo.

Kesho yake asubuhi akaipeleka kanzu. Mzee Bulugu akaikunjua juani, akaigeuza huku na huku. Kifuani palikuwa na duara jeupe pe pe pe. Na kanzu iliyolizunguka, ambayo kijiji kizima kiliiita nyeupe kwa miaka kumi na miwili, ilikuwa rangi ya vumbi la barabara.

"Mwanangu," akasema Mzee Bulugu, "nilikuazima kanzu nyeupe, nawe umenirudishia doa jeupe. Kumbe miaka yote hii nilikuwa nawapa watu mkono nikiwa nimevaa vumbi, na hakuna aliyeniambia. Sabuni imebaki?"

"Imebaki, mzee."

"Wakwe wanafika saa kumi. Nenda ufue na iliyobaki."

Akafua, na Leonsia mwenyewe akamshikia upande wa pili wakati wa kukamua. Saa kumi wakwe walipoketi, waliitazama kanzu ya Mzee Bulugu, kisha wakatazama zao, kisha kila mmoja akaikunja mikono kifuani. Anastazi alikuwa ameketi nyuma kabisa na kibuyu chake, amevaa shati jeusi. Na watu wa Bisibo husema mpaka leo kwamba siku hiyo ndipo walipojua nyeupe ni rangi gani.