Betri ya Uji Mkavu

Jumatatu, 7 Julai 2025. Kitale.
Stima imepotea tena. Rosaline, mke wangu, ameifunika blanketi mashine yake ya kutotoa vifaranga. Mayai yanakaribia kuanguliwa, na hana mali nyingine yake mwenyewe. Nimemwambia atulie, nitampa betri isiyoshika moto. Nimesoma kwa simu: wataalamu wameondoa yale majimaji ya ndani ya betri ya lithiamu, wakaweka utando mkavu unaokunjika. Hata wanga wameujaribu. Wanga! Na mimi nimezungukwa na mahindi!

Jumanne, 8 Julai.
Nimepika uji mzito, nikatia chumvi, nikauanika juu ya bati. Nikampigia Eliakim, kaka yake Rosaline, mwalimu wa kemia Bungoma. Nilitaka kumringia tu. Ati chumvi ya jikoni siyo, inatakiwa ya lithiamu. Ati lithiamu na maji haviketi nyumba moja, unyevu kidogo tu ni moto. Wivu, bana! Kemia miaka yote hiyo, hata tochi hajaunda.

Alhamisi, 10 Julai.
Mvua. Utando umekataa kukauka. Lakini unakunjika! Rosaline ameniomba nisiguse mashine yake. Nimekubali. Alipoenda sokoni nikapasua betri ya kompyuta mbovu, nikapachika utando wangu, nikaunganisha na mashine.

Ijumaa, 11 Julai.
Sitaki kuandika. Jana betri ilifura, ikawaka. Mashine imeyeyuka. Yai moja lilikuwa limeshatoboka, mdomo mdogo umechungulia, umekauka. Rosaline aliyakusanya mayai yote kwa leso yake. Hakulia. Niliyelia ni mimi. Leo asubuhi amefunga nguo, amerudi kwao Kamukuywa.

Jumamosi, 12 Julai. Kamukuywa.
Nimekuja kuomba msamaha. Huku mama mkwe na mkwe hawaonani uso kwa uso, wala mkwe hakanyagi nyumba yake. Basi nimesimama uani, naye mama mkwe akanijibu kutoka nyuma ya jikoni.

"Mwambieni huyo mtu arudi kwake. Mtoto wangu si wa kujaribiwa."

Rosaline hakutoka. Iliniuma sana. Nilipoinua macho nikaona paneli ya sola juu ya nyumba ya mama mkwe. Basi ndani kuna betri, tena kubwa.

Nimefikiri upya. Kosa lilikuwa la mahindi. Kesho wote wanaenda kanisani, na muhogo nimeshanunua.