Jicho Langu Halihitaji Futi

Jumamosi, 1 Machi

Chakula cha mchana kwa binti yetu. Amebakiza wiki tatu ajifungue. Mzazi mwenzangu, yaani baba wa mume wa binti yetu, alisubiri watu wote wanyamaze, ndipo akatangaza kwamba mjukuu atalalia kitanda atakachokiunda yeye kwa mikono yake. Watu wakapiga makofi. Nikausikia mdomo wangu ukisema kwamba na mimi naunda kimoja. Makofi yakapungua.

Mzee huyu sote tunamwita Mizani, kwa sababu alikagua mizani za maduka mpaka akastaafu. Hupima kila kitu, hata mkate kabla ya kuukata. Mimi ni mpima macho. Miaka ishirini na tisa nawaambia watu wanachokiona na wasichokiona. Jicho langu halihitaji futi.

Tulipofika mlangoni kwetu, mke wangu akauliza kama naikumbuka rafu ya viatu niliyoitengeneza. Naikumbuka. Imeinama kidogo tu, na viatu vimezoea.

Jumatatu, 3 Machi

Yadi ya mbao, saa ya mapumziko. Mwenye yadi ni mama mmoja mwenye penseli sikioni. Nilimweleza ninachotaka, akanionyesha msonobari uliokauka: mwepesi, umenyooka, hauna vifundo. Alisema kitanda cha mtoto hakitaki makuu. Rangi yake kama karatasi ya ofisini. Nikapita.

Kule nyuma nikaziona zangu. Nyekundu, mistari inacheza kama maji, nzito hata wapakizi wawili walizibeba wakiguna. Yule mama akasema hizo bado mbichi, zimepasuliwa juzijuzi, zitajikunja. Nikamwambia uzito ni dalili ya ubora. Akauliza nimejifunzia wapi. Nikasema ni jambo linaloonekana kwa macho. Akachomoa penseli, akaandika kwenye risiti HAZIRUDISHWI, kwa herufi kubwa kuliko za mstari wa kwanza wa chati yangu ya kupimia macho.

Jumatano, 5 Machi

Nimepita kwa Mizani kumjulia hali. Yaani kupeleleza. Anafanyia kazi kwenye banda la gari. Mbao zake za msonobari zimepangwa zikiachanishwa kwa vijiti ili hewa ipite. Mchoro uko ukutani, vipimo mpaka nusu milimita. Miguu minne iko tayari, tena imelingana. Nilirudi nyumbani sina hamu ya kula.

Ila niliona jambo. Mchoro ule alikuwa akiusoma kwa miwani ya mkewe, ile yenye maua pembeni. Nikamwambia kwa upole aje kesho nimpime, bure, sisi ni ndugu. Alinishika mkono kwa muda mrefu.

Alhamisi, 6 Machi

Mizani alifika kliniki kwangu saa tatu kamili. Kipimo chake hakikuhitaji matone ya kupanua mboni. Nilimtia. Macho yote mawili. Mtu akitiwa matone hayo haoni vizuri kitu cha karibu mpaka jioni, na asiyeona cha karibu hashiki msumeno. Hiyo ni siku nzima ya kazi. Alinishukuru, akatoka akipapasa ukuta. Nilimshika mkono mpaka kwenye teksi. Mimi si mnyama.

Jioni sikumkuta mke wangu nyumbani. Kumbe Mizani, alipoona hawezi kuusoma mchoro wake, alimpigia simu aende amsomee vipimo. Amerudi na vumbi la mbao kwenye nywele, uso unang'aa. Anasema alisoma vipimo kama nusu saa, kisha akachoka kusoma, akachukua randa mwenyewe. Sikujua kwamba anajua kupiga randa. Anasema marehemu baba yake alikuwa seremala. Hilo nalijua, binti yake nilimwoa mimi. Sikujua kwamba lilikuwa na madhara.

Kesho anarudi tena.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeanza. Mbao zangu zinakatika vizuri, zinatoa maji kidogo. Kila kipande nimekikadiria kwa macho. Jioni kitanda kikasimama, nikamwita mke wangu. Alikizunguka mara mbili, akauliza, "Upande wa kichwa ni upi?"

Nikamwambia mtoto atachagua mwenyewe.

Akaushika ubao mmoja. "Mume wangu, huu bado unalia."

Nilidhani ameguswa. Alimaanisha maji.

Jumanne, 11 Machi

Ubavu wa kushoto umejikunja kwenda nje. Wa kulia umejikunja kwenda ndani. Ukikitazama kwa mbali kitanda ni kama kinaondoka. Nimekipandisha juu ya paa la stoo ili jua limalize kazi haraka. Mke wangu hakuwepo kunishauri. Yuko kwa Mizani, wanapiga msasa.

Jumatano, 12 Machi

Kitanda kimepasuka. Jirani alitoka nje kuuliza ni nini kimelia. Kisha kikateremka kutoka paani chenyewe. Hakuna aliyeumia isipokuwa ndoo.

Ijumaa, 14 Machi

Uchungu umemshika binti yetu wiki moja kabla ya wakati. Mke wangu aliingia naye ndani. Mimi na Mizani tukabaki kwenye benchi la korido ya hospitali kwa muda wa saa nne. Yeye na miwani mipya niliyomwandikia, mimi na mikono yangu yenye vibanzi. Kila mlango ukifunguka tunasimama wote wawili, kisha tunakaa.

Mwishowe akasema, "Mzazi mwenzangu, nina neno nataka kukwambia."

Nikajua nimepatikana.

Akasema miaka miwili sasa haoni vizuri, na ameona aibu kumwambia mtu. Akiwa kazini alikuwa ndiye anayewakagua wengine, sasa hata namba za futi zilikuwa zinamkimbia. Alikuwa anapima kila kitu mara tatu kwa hofu, si kwa umahiri. "Ungeweza kunicheka," akasema. "Badala yake ulinishika mkono mpaka kwenye teksi."

Nikatazama sakafu. Kutoka benchini mpaka mlangoni vigae ni thelathini na sita. Nilitaka kumwambia habari ya matone. Mdomo ulifunguka kabisa. Hapo muuguzi akatoka, akasema ni msichana, mama na mtoto wote wazima. Tukakumbatiana, na ncha ya miwani yake ikanichoma jicho. Niliona hiyo inatosha kuwa adhabu.

Jumapili, 16 Machi

Binti yetu na mtoto wamekuja kukaa kwetu mpaka apate nguvu. Mizani akaleta kitanda. Msonobari mtupu, laini kama sabuni, hakitikisiki. Mtoto alisinzia kabla shuka halijanyooshwa vizuri.

Wageni wakauliza nani amekiunda. Mizani akasema msumeno ulikuwa wake, randa na viungo ni kazi ya mke wangu, na macho ni yangu, maana bila mimi kusingekuwa na kitanda. Watu wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Mke wangu alinifuata jikoni. "Tangu lini miwani ya kusomea inapimwa kwa matone?"

Nikasema kila jicho lina tabia yake. Akasema wiki hii haiishi kabla sijamweleza Mizani kwa kinywa changu. Hakupandisha sauti. Ndiyo maana nilikubali.

Jumamosi, 22 Machi

Juzi nilimweleza. Nilimaliza nikingoja kufukuzwa. Mizani akavua miwani, akaanza kucheka mpaka akajifuta macho. Alisema bila matone yale asingempata fundi kama mke wangu. Kisha akaacha kucheka, akasema nisimfanyie tena. Nikaapa. Usiku huo nililala vizuri kuliko wiki zote hizi.

Leo yeye na mke wangu wamekwenda yadi kuchagua mbao za kabati la nguo za mtoto. Niliomba kuandamana nao. Walitazamana, wakasema ni vyema mtu abaki na mjukuu. Haidhuru. Kabati nitaunda langu, nao watalikuta limesimama.

Safari hii nimejifunza. Ubora wa ubao si uzito, ni ukavu. Na ubao mkavu kuliko wote mjini uko hapahapa sebuleni: meza yetu ya kulia. Aliiunda marehemu baba mkwe kwa ajili ya arusi yetu. Mvule mtupu, umekauka miaka ishirini na nane, na haujajikunja hata kidogo. Wanakaa watu wanane, na sisi kwa kawaida tuko wawili. Nikiondoa upande wa dirishani nitabaki na meza ya watu watano, ambayo kwa kweli ndiyo saizi yetu.

Binti amelala. Mtoto amelala. Msumeno huu hauna kelele.