Malalamiko Dhidi ya Swichi Inayonikatia Mikate

Mheshimiwa Nahodha,

Salaam. Mimi mpishi wako nakuandikia kwa adabu zote, ingawa moyo unachemka kuliko birika. Namshtaki fundi umeme wa meli hii, ambaye kwa bahati mbaya ni mkwe wangu. Binti yangu alimpenda, sikuulizwa. Kesho unaamua kama jiko langu la umeme lishushwe bandarini. Kabla hujaamua, tafadhali nisikilize.

1. Kwenye chumba cha mitambo kuna taa tatu. Mkwe anadai moja ikififia, umeme unavujia kwenye chuma cha meli. Ikififia tu, huyo, mbio jikoni! Mbona haji chumbani kwako, kwenye redio kubwa namna ile?

2. Amelifunga jiko kwa waya mnene hadi kwenye ukuta wa chuma, kama mbuzi kigingini, eti umeme unaovuja upite huko usinipige. Miaka yote hii baharini sijaona jiko likitoroka. Leo asubuhi nimelifungua, nalo lipumue.

3. Ameweka swichi ya kinga. Umeme ukivuja kidogo tu, pa! inakata. Mikate inabaki mibichi katikati, na mabaharia sasa wananiita Baba Tope. Mimi! Eti jiko lina shoti. Ni kweli hunitekenya vidole mara mojamoja, nami hulipiga teke, yanaisha. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Je, watu wa nyumba moja wakigombana tuwakatie umeme?

4. Kwa hiyo naomba swichi ing'olewe, taa inayofifia iondolewe iwekwe kubwa isiyojua kufifia, na mkwe apelekwe kukwangua kutu. Kabla ya kwenda, aliombe jiko radhi mbele ya mabaharia wote.

Wasalimie wote melini. Mmoja nimemruka makusudi.

Ni mimi mpishi wako mtiifu, mwenye mikate mibichi na haki iliyoiva.

N.B. Nilikwisha kuifunga barua. Nikaenda jikoni miguu peku, maji yamemwagika sakafuni, nikalishika jiko nilipashe habari njema. Nimezindukia chini, mkwe ananipepea kwa sinia huku analia, "Baba! Baba!" Swichi ndiyo iliyokata umeme, isingekuwa hiyo, sasa hivi mkwe angekuwa anamtafutia binti yangu maneno ya kumwambia. Basi swichi ibaki, tena iongezwe ya pili. Jiko lishushwe, halina adabu hata chembe. Na yule niliyemruka kwenye salamu, msalimie wa kwanza.