Paa la Kisayansi

4 Agosti 1986, Jumatatu
Bati zimefika kutoka Hedaru! Miaka yote tunaambiwa hakuna, sasa zimejaa madukani. Jenoveva, mke wangu, kauza mbuzi wake wote. Mama yake anashuka kutoka Gonja Jumapili. Jenoveva kasema wazi: mama akikosa paa la kulala, watapanda Gonja wote wawili. Sawa. Kwani nani kakataa?

Maandazi ya leo yalifungwa kwenye karatasi ya kitabu cha fizikia. Bawa la ndege: juu limebinuka, chini bapa, hewa ipite juu kwa kasi. Hapo karatasi imechanika. Inatosha. Upepo wa Same utateleza juu ya paa langu kama mlenda kooni.

7 Agosti, Alhamisi
Msaragambo, kazi ya ujirani. Majirani wote wamekuja kuezeka. Makande yamekwisha. Wilbard wa nyumba ya pili akapandisha mawe ya kukandamizia bati, kama kwake. Nikamwambia ayashushe, hili ni paa la kisomi. Akauliza huo mgongo nilioupinda kama bawa ni wa nini. Nikamwonea huruma. Baraza nimeiacha wazi, upepo uingie chini, nyumba ipoe.

9 Agosti, Jumamosi
Paa limeruka. Sisemi limeng'oka. Limeruka! Likapita juu ya choo, likatua zizini kwa Wilbard. Ng'ombe hakuumia. Wilbard akasema kwa upole kwamba kwake si kiwanja cha ndege. Jenoveva alikuwa anafunga nguo zake kwenye kanga. Iliniuma sana.

11 Agosti, Jumatatu
Mama mkwe kalala kwa Wilbard. Nikamwamkia, akaitikia huku akitazama mawingu kutoka sebuleni kwetu. Msaragambo tena. Kila mtu kaja na jiwe, Wilbard na toroli zima. Paa limerudi na mgongo wake, limejaa mawe. Aibu tupu. Jenoveva kafungua kanga. Anamsindikiza mama, anarudi Jumatano. Akikuta jiwe limepungua, hatatua hata mzigo.

12 Agosti, Jumanne
Nimepata kipande kilichobaki cha ile karatasi ya fizikia, kimefunga tumbaku ya Wilbard. Hewa ya juu ikienda kasi hukandamiza kidogo, ya chini hukandamiza zaidi, bawa linainuka. Hilo nimeshaliona. Ila mchoro unaonyesha mkia, wa kuituliza ndege. Kumbe! Paa langu halikuwa na mkia.

Nimeushona kwa bati za jikoni. Mawe nimeshusha yote, yalikuwa yananizuia kuufunga. Upepo umeanza. Kesho Jenoveva atajionea mwenyewe.